Unasoma Kitabu Gani Siku Hizi? Mwongozo kwa Asiyesoma

Swali hili halina adabu. Huja ukiwa umeshika paja la kuku kwenye sherehe ya watu, tena kutoka kwa mtu uliyetambulishwa kwake sasa hivi: "Enhe, na wewe unasoma kitabu gani siku hizi?" Kusema husomi huwezi. Kwenye wasifu wako wa kuombea kazi, pale penye mambo unayopenda, uliandika "kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo", na huenda aliyeuliza anafahamiana na bosi wako. Basi fuata hatua hizi. Ukizishika vizuri utaheshimika kama msomaji mpaka uzeeni, na macho yako yatabaki mazima.

1. Chagua kitabu cha kusemea

Usichague unachokipenda, chagua kinachokupandisha hadhi. Wanaoanza hukimbilia vile vya kutajirika vinavyotandazwa kwenye turubai kando ya barabara, Dar es Salaam na Nairobi: *Rich Dad Poor Dad*, *The 48 Laws of Power* na ndugu zao. Havina hatari kubwa, kwa sababu aliyekuuliza naye hajavimaliza. Tatizo ni kwamba mazungumzo yake huishia kwenye mradi wa kuku wa mayai, na utaombwa mtaji.

Anayetaka heshima ya kweli amtaje Abdulrazak Gurnah. Tangu mzaliwa huyu wa Zanzibar apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2021, amepata mashabiki wengi ambao hawajawahi kumsoma. Zamani tulijitetea kwamba anaandika kwa Kiingereza. Ida Hadjivayanis akatuharibia utetezi huo mwaka 2022 ilipotoka *Peponi*, tafsiri yake ya *Paradise*. Lakini usikate tamaa. Simulia jinsi kijana Yusuf anavyochukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, wakapanda treni kwenda pwani. Ishia hapo, utikise kichwa kwa uchungu. Wengi wanaokisimulia kitabu hiki bado hawajashuka kwenye treni ile.

2. Kitembeze

Kitabu kisichoonekana hakisomwi. Ndani ya daladala kishike jalada likitazama watu, na hakikisha hujakigeuza juu chini. Weka alama ya ukurasa, hata tiketi ya basi inatosha, na uisogeze mbele kila baada ya siku kadhaa, maana kuna majirani wenye macho makali. Usiifikishe mwisho. Anayemaliza kitabu huulizwa kimeishaje. Aliye katikati huachwa kwa amani.

Kwa picha ya kuweka kwenye status, unahitaji kikombe cha kahawa, miwani (hata kama macho yako hayana shida) na kitabu kilichofunguliwa katikati. Usikipige picha kikiwa bado ndani ya nailoni ya dukani.

Kama fedha hakuna, ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp uandike: "Mwenye PDF ya kitabu hiki atutumie jamani." Utatumiwa kabla hujamaliza kuweka simu chini. Kitalala salama kati ya nakala ya kitambulisho chako na kadi ya mchango wa harusi. Mwandishi hatapata hata senti, lakini atafarijika akijua anakula chaji yako.

3. Toa maoni

Hapa ndipo wengi huogopa, na hawana sababu. Shule ilikwisha kukuandaa. Kumbuka sentensi moja tu ya kidato cha nne: jina la kitabu limesadifu yaliyomo. Haijawahi kumwangusha mtu. *Kuli* ya Adam Shafi inahusu makuli wa bandarini: jina limesadifu. *Siku Njema* ya Ken Walibora imejaa siku mbaya: hiyo ni kejeli ya mwandishi, kwa hiyo jina limesadifu vilevile. Hata kitabu cha mapishi utakimudu.

Akikubana zaidi, sema: "Kimaudhui amefaulu kwa kiasi kikubwa, ila kifani kuna udhaifu wa hapa na pale, hasa wahusika bapa." Usitaje ni wapi hapo na pale. Kama nawe ulivuka mtihani kwa kukariri mwongozo wa riwaya huku riwaya yenyewe ikibaki dukani, hatua hii unaweza kuwafundisha wengine.

Usije ukasema kitabu kilikuchekesha, kilikukera, au kilikufanya umpigie dada yako simu usiku. Hayo si maoni. Mtihani wa taifa hauyatolei alama.

4. Ficha unachosoma kweli

Najua unacho. Kimo chini ya godoro au kwenye droo ya ofisini, jalada liling'oka siku nyingi, na kimepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Ni cha Elvis Musiba, na ndani yake Willy Gamba anawasaka maadui wa Afrika kwa bastola na tabasamu. Ulikianza saa tatu usiku ukasikia adhana ya alfajiri ukiwa bado unafunua kurasa. Habari hiyo isitoke nje.

Sikukatazi kwa sababu ya hadhi tu. Nafikiria pia utulivu wa meza. Ukijisahau ukamtaja Willy Gamba, mzee aliyekuwa anasinzia pembeni ataamka. Shemeji yako atabisha kwamba Joram Kiango wa Ben Mtobwa alikuwa mjanja zaidi. Babu atasema wote hao ni watoto, upelelezi ni wa Bwana Msa na kiko chake, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Mpishi atatoka jikoni na upawa mkononi kuwaeleza kwamba cha kwake kilikosa kurasa za mwisho, na mpaka leo hajamjua muuaji. Watu watakatizana maneno. Mmoja ataapa hakuna mwandishi kama huyu, mwingine atamwambia hana akili, na wa tatu ataomba aazimwe. Hakuna hata mmoja atakayekumbuka dhamira. Vurugu za namna hiyo haziwafai wasomi.

5. Mkwepe aliyesoma

Wapo, na mara nyingi ni walimu wastaafu. Mmoja akiketi karibu nawe, mambo huenda hivi:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unasoma *Vuta N'kuvute*."

"Ndiyo, mwalimu. Kitabu kizito kile."

"Yule Mwajuma ulimwonaje?"

"Mwajuma... kateseka sana, mwalimu. Kumwoza kwa mzee vile hawakumtendea haki."

Mwalimu anaweka kikombe chini. Aliyeozwa mzee ni Yasmin. Mwajuma ni shoga yake, aliyempokea alipomkimbia mume.

"Na Denge je?" anauliza kwa upole, akikupa nafasi ya pili.

Usiichukue. Sema simu inaita, utoke nje. Kuitazama filamu ya riwaya hiyo, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021, kungekusaidia kuzijua sura za watu, lakini mwalimu atakuuliza ya kitabuni.

6. Sentensi ya kuepuka

Katika kukurupuka, usije ukatamka haya: "Hicho sijakisoma. Kinahusu nini?" Yanaonekana ni maneno rahisi kuliko kazi yote ya hatua tano zilizotangulia, na ndiyo mtego wenyewe. Mwalimu atavuta kiti. Atasimulia mpaka pafike patamu, kisha atanyamaza aagize chai. Kesho yake mjukuu wake atabisha hodi na kitabu kilichofungwa kwa gazeti, na ujumbe kwamba babu anauliza, Ijumaa utakuwa umefika wapi. Na ukiona mzigo ni mwembamba usishangilie. Ni *Nagona* ya Kezilahabi, na kurasa zake chache zimewatoa jasho maprofesa.