Ramani, Kwaya na Mnara wa Makambako

Mwenzangu uliyeoa, utanielewa. Gari letu jipya (jipya kwetu, Wajapani walishalichoka) lilifika Njombe likiwa na skrini ya ramani kwenye dashibodi. Ukiwasha, mwanamke anakukaribisha kwa Kijapani, kwa upole ambao mimi nyumbani kwangu sijauzoea. Ila ramani yenyewe ni ya Japani tupu. Setilaiti za GPS, huko juu kilomita 20,000 na ushei, zinajua fika tulipo. Ramani ndiyo haijapata kusikia habari za Njombe.

Mwanangu, Injinia wa nyumba, akaleta hoja ya simu na kishikio cha kubandika kiooni. Unapakua ramani ukiwa na bando, halafu hata mtandao ukikata huko milimani inakuongoza tu, maana mawimbi ya setilaiti hayalipiwi. Mama Neema, Waziri wetu wa Fedha, akataka redio ya Android ifungwe palepale alipokaa Mjapani. Simu kiooni, alisema, italifanya gari lionekane teksi.

Nikauliza, kwa sauti ya chini, ramani ya nini. Njombe hadi Makambako ni kilomita 60 hivi za lami. Hata ukungu ukishuka, barabara ni hiyohiyo. Ukiikuta barabara kuu, kulia Dar, kushoto Mbeya. Mtu anapotelea wapi?

Hakuna aliyenijibu. Injinia alishahamia kwenye redio: ya Kijapani huanzia 76 ikaishia 90, ndiyo maana stesheni za juu ya hapo hatuzipati. Waziri akadaka hapohapo: basi redio mpya, masafa yote, ramani ya Tanzania na video za kwaya juu yake. Mswada ukapita.

Sasa ramani imo garini. Kuiona ni mpaka kwaya isimamishwe, na kwaya haisimamishwi.

Juzi tukawa tunamrudisha mama mkwe kwake Makambako. Kwa siri tunamwita Mnara, kwa sababu hakuna habari ya mji ule isiyopitia kwake. Kakaa kiti cha mbele, simu sikioni.

“Baba Neema, punguza mwendo. Trafiki wako na tochi pale kwenye mteremko.”

“Sawa, mama.”

Nikashuka hadi chini ya 50. Kweli, walikuwepo. Yule mwenye tochi akatupungia tupite, lakini Mnara akaamuru nisimame, akashusha kioo, akamuuliza mama yake anaendeleaje na mguu.