Mbwa wa Bure na Risiti Zake

Familia moja ya Kimara, Dar es Salaam, ilipata mbwa wa bure. Baba alipewa na mfanyakazi mwenzake ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Akamtia kwenye boksi la mafuta ya kula, akapanda naye daladala, na konda akamtoza nauli ya mzigo. Hiyo ndiyo ilikuwa gharama ya kwanza, na baba alidhani ndiyo ya mwisho.

Watoto wakampa jina la Simba. Mtaani tayari walikuwepo akina Simba watatu, kwa hiyo jioni mmoja akiitwa kula, wanakuja wanne.

Simba alipotapika mara ya kwanza, nyumba nzima iligundua kwamba haimjui daktari wa mifugo hata mmoja, ila mtaa mzima unajua dawa. Jirani wa kushoto alisema apewe maziwa yenye chumvi. Jirani wa kulia, aliyewahi kufuga nguruwe, alisema ni minyoo, na dozi anayo, imebaki tangu nguruwe wa mwisho alipouzwa. Shangazi alipiga simu kutoka Moshi kusisitiza maji ya mshubiri. Kijana wa bodaboda yeye alimjua "dokta" mmoja anayetibu ng'ombe, mbwa na kuku, na biashara ikilala anatengeneza simu.

Hatari kuliko wote alikuwa mjomba, aliyefungua mkoba na kutoa vidonge vya parasetamo. Aliwahiwa mlangoni. Dawa hiyo, inayouzwa hadi kwenye vibanda vya vocha, huharibu ini la mbwa ikizidi, na kwa paka kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuua, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja na kuitoa mwilini. Mjomba alijitetea kwamba yeye inamsaidia sana.

Mwenye mgonjwa saa tano usiku hachagui daktari. Anamchukua atakayepokea simu. Ndiyo maana Simba alipopona bila dawa ya mtu yeyote, baada ya soksi ya shule kutoka ilikotoka, mama aliamua kutafuta daktari mchana kweupe, wakati hakuna anayeumwa.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, na daktari yeyote wa mifugo anatakiwa awe amesajiliwa nalo. Daktari kamili amekaa chuoni miaka mitano, na wengi wao wametoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Chini yao wapo wenye stashahada na astashahada, waliopitia kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo kama Tengeru na Mpwapwa. Hawa ndio mtaani huitwa mabwana mifugo, hata akiwa ni dada wa miaka ishirini na mitano. Bwana mifugo anajua kazi yake ya dawa za minyoo, kuogesha na kuchanja, ila siku tumbo linapotakiwa kufunguliwa, anayetafutwa ni daktari.

Maswali ya mama yalikuwa manne, akayaandika nyuma ya daftari la hesabu la mtoto. Umesajiliwa? Chanjo unaihifadhi wapi? Bei yako ni ipi kabla hujaja? Na usiku nikipiga, utapokea wewe au nani?

Dokta wa kwanza, alipofikishwa kwenye usajili, mtandao ulimsumbua ghafla. Wa pili alikuja mwenyewe, jua la saa saba, na kichupa cha chanjo kwenye mfuko wa shati. Chanjo za mbwa zinatakiwa zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka zinapoingia kwenye bomba la sindano, na mfuko wa mtu aliyetoka Ubungo kwa bodaboda haumo kwenye kiwango hicho. Mama alimpa maji ya kunywa, akamshukuru, akamfungulia geti.

Wa tatu alikuwa mwanamke aliyekuwa na maswali yake mwenyewe: mbwa ana umri gani, anakula nini, mama yake alichanjwa? Kisha akataja bei moja moja: ya kuja, ya kumwona mgonjwa, ya chanjo, ya dawa. Mama akaomba apunguziwe, kama ilivyo desturi.

"Mama, kwenye nauli tutaongea," daktari akasema. "Kwenye chanjo hatuongei."

Akapata kazi. Alifika na kiboksi cha barafu, akachanja, akabandua lebo ya kichupa na kuibandika kwenye kadi ya Simba ili namba ya toleo na tarehe ya kuisha zionekane, akapiga muhuri. Kitinda mimba alilalamika kwamba kadi ya mbwa ni safi kuliko yake ya kliniki. Ilikuwa kweli.

Ratiba ndiyo iliyomshtua baba. Alijua sindano moja inatosha. Lakini mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki kumi na sita, kwa kuwa kinga aliyoinyonya kwa mama yake huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye itakwisha siku gani hasa. Ya kichaa cha mbwa huja akifikisha miezi mitatu. Katikati kuna dawa ya minyoo kila wiki mbili. Baba alichukua kalamu, akajumlisha, akasema kwa fedha hiyo angenunua mbuzi.

Kilichomnyamazisha ni ndugu yake Simba, aliyebaki kwa yule mfanyakazi mwenzake bila sindano hata moja. Alipata parvo. Ugonjwa huo humfanya mtoto wa mbwa atapike na kuharisha damu, hauna dawa ya kuua kirusi chenyewe, na matibabu yake ni dripu, dawa za kuzuia kutapika na kukesha. Kirusi hukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi na hakijali sabuni ya kawaida. Kinachokiweza ni dawa ya klorini ile ya kung'arishia mashuka. Yule mbwa alipona. Bwana wake alikuja kazini na risiti ya dripu za siku tano, akaizungusha meza hadi meza. Ingetosha kuwachanja ndugu wote wa Simba, na chenji ikabaki. Rahisi huvunja upishi, mhasibu akasema, akamrudishia karatasi yake.

Simba alipofikisha miezi saba, daktari alipiga simu kuuliza uzito wake, ili alete dawa ya minyoo na ya kupe inayomtosha bila kuzidi.

"Wa kawaida," baba akajibu.

"Kilo ngapi, mzee?"

Nyumbani hakukuwa na mizani. Baba akamchukua Simba hadi mashine ya kusaga, kwenye mizani ya magunia. Simba alikataa katakata kusimama juu ya kile chuma baridi, kwa hiyo ikabidi baba ambebe, miguu minne ikining'inia, mkia ukifagia unga, huku foleni ya akina mama wenye ndoo za mahindi ikisogea kuona. "Mnauza kilo bei gani?" mmoja akauliza. Mwenye mashine akasoma kwa sauti: tisini na saba. Baba akamshusha mbwa, akapanda peke yake: sabini na nane. Hapo mahesabu mawili yalifanyika kwa mpigo. Simba ana kilo kumi na tisa. Na baba, aliyekuwa akiiambia familia kuwa ana sabini tu, ana nane za ziada.

Usumbufu ule ulilipa, maana dawa nyingi za mbwa hupimwa kwa kilo. Anayekisia juu hununua dozi asiyoihitaji. Anayekisia chini huwabakiza minyoo na kununua tena. Kwa kupe, kukisia ni balaa zaidi. Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia huweza kuishi na kuzaana ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Huambukiza ugonjwa wa damu uitwao erlikiosi, unaomletea mbwa homa na hata kumtoa damu puani, na tiba yake ya kawaida ni vidonge vya kila siku kwa wiki nne. Jaribu la kila mwenye mbwa ni kwenda duka la dawa za mifugo na kuomba apimiwe kidogo ile ya kuogeshea ng'ombe. Ng'ombe ana kilo mia tatu. Simba ana kumi na tisa, na baada ya kuoga hujilamba.

Paka wa jirani wa kushoto nusura alipie somo hilo. Alipakwa dawa ya kupe ya mbwa, yenye permethrini, ambayo mbwa huihimili lakini paka humtia mtetemeko na degedege. Daktari alipigiwa simu saa mbili usiku, akapokea, akaamuru paka aoshwe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu palepale, kisha aletwe. Kumwogesha paka anayetetemeka si kazi ya mtu mmoja. Jirani ana makovu kwenye mikono yote miwili, na paka yu hai.

Gharama nyingine serikali huibeba. Kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na katika majira hayo kata nyingi hutangaza chanjo ya bure. Viwanja vya ofisi ya kata hugeuka tamasha. Kuna mbwa waliofungwa kwa kamba ya katani, kwa mkanda wa suruali, kwa kitenge kilichosokotwa. Kuna mtoto anayevutwa na mbwa wake kuelekea asikokwenda. Kuna bibi aliyemleta paka ndani ya mfuko wa shangazi kaja, zipu imefungwa, na mfuko unatembea wenyewe. Wale Simba wanne walikutana foleni, kwa mara ya kwanza wote wakiwa kwenye kamba, na mtu aliyeita "Simba!" ili kumtuliza wa kwake aliamsha vita.

Nyuma ya vurugu hizo kuna hesabu nzito. Kichaa cha mbwa huua watu takriban 59,000 kwa mwaka duniani, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita; Pemba, ambako chanjo za pamoja zilirudiwa mwaka baada ya mwaka, imeonyesha kuwa unaweza kutokomezwa. Aliyeng'atwa anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha akimbilie hospitali kwa sindano kadhaa. Sindano ya Simba ni moja kwa mwaka, na siku ile ilikuwa bure. Baba alirudi nyumbani amefurahi kana kwamba ameshinda bahati nasibu.

Furaha ikaisha daktari alipotaja kuhasi. Alieleza kwa utulivu: Simba atapunguza kutoroka na kupigana, na majirani hawatagawiwa watoto wa mbwa kwenye maboksi. Kwa paka jike faida ni kubwa zaidi, kwani anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu, huzaa baada ya siku kama 63, na mwaka haujaisha ameanza tena. Wanawake walielewa mara moja. Wanaume wa barazani walikunja miguu. Mjomba alisema mbwa naye ana haki zake, na baba akaomba wiki moja ya kutafakari. Mama ndiye aliyelipa, kwa simu, akiwa sokoni.

Kwingine gharama hizi zina njia zake. Marekani, mwaka 1982, kampuni moja iliuza bima yake ya kwanza ya matibabu ya mbwa, na mteja hakuwa mwingine ila Lassie wa televisheni. Lamu, punda wana kliniki yao tangu mwaka 1987, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, na hutibiwa bila malipo. Simba si nyota wa filamu wala si punda. Bima yake ni kibubu cha bati juu ya kabati, kila mwezi kinatiwa kitu, na watoto wamekatazwa kukitikisa.

Akiba kubwa zaidi, hata hivyo, mama aliipata kwenye ile nauli ambayo daktari alisema inaongeleka. Siku hizi daktari haitwi na nyumba moja. Mama hutangaza kwenye kundi la mtaa, wenye mbwa na paka huandikishana, nauli hugawanywa, na daktari akija huanzia geti la kwanza hadi la mwisho bila kupoteza safari. Mwezi uliopita alikuwa akifunga kiboksi chake aondoke, jirani wa kulia, ambaye jina lake halikuwemo kwenye orodha, akatokea na maswali. Kuku wake wanasinzia, je, ni kideri? Chanjo yake ni ipi? Daktari akamweleza, ameshika helmeti: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima, si kwa walioanza kuumwa. Vipi vifaranga? Nao. Na bata? Daktari akamtazama mama, mama akafungua orodha.

"Mzee, hao kuku wamechangia nauli?"

"Kuku hawaumwi, mama. Wanauliza tu."