Joto la Darini

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zilizoongezwa ghorofa moja juu ya msingi wa zamani zina tatizo linalofanana: chumba cha juu hakilaliki kuanzia Desemba hadi Machi. Kwetu Magomeni chumba hicho ni cha Bibi, mama mzazi wa mume wangu. Alihamia juu kwa sababu ya haki kabisa. Masika yakichachamaa, maji ya bonde la Msimbazi hupanda mpaka mtaani kwetu, na mwaka mmoja yalivuka kizingiti yakalowesha godoro lake. Akaapa halali tena chini. Hakuna aliyembishia.

Ila juu kuna bati. Saa sita mchana, anga likiwa halina wingu, jua humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Chini ya bati lile kuna dari la jipsamu, na fundi aliyejenga aliziba upenu wote kwa mbao ili popo wasiingie. Popo hawakuingia, na hewa ya moto ikakosa pa kutokea. Kuta za bloku hunyonya joto mchana kutwa, kisha hulitoa usiku, saa ambayo mtu anataka kulala. Dirisha ni la aluminiamu, la kusukuma, kwa hiyo linafunguka nusu tu. Nusu hiyo ina wavu wa mbu, na kitandani kuna chandarua. Kaskazi inavuma nje, tunaisikia kwenye majani ya mwembe, lakini inamfikia Bibi ikiwa imeishiwa nguvu.

Yeye hakusema kitu. Tulijua siku tuliyomkuta alfajiri ametandika mkeka pale ngazi inapokata kona, amelala na ushungi wake juu ya saruji. Bibi ana presha. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameshatuonya kwamba baadhi ya dawa za presha humkojoza mtu na kumpunguzia maji mwilini, na mzee mara nyingi hahisi kiu mapema. Joto la usiku kwa mtu wa namna hiyo ni jambo la kumfikisha hospitali. Kuanzia asubuhi ile nyumba nzima ilikuwa na kazi moja.

Kiyoyozi tulikizungumzia. Cha BTU 12,000 kinaweza kula wati 1,000 na zaidi, wakati feni ya mezani inatosheka na kama 50. Tulipiga hesabu ya LUKU tukaiacha.

Wa kwanza kujitosa alikuwa shemeji, aliyekulia Dodoma. Kwao, ukiloweka shuka ukalitundika dirishani na feni nyuma yake, chumba kinapoa kweli, kwa sababu hewa ya kule ni kavu, inayanywa maji ya shuka, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Akaongeza beseni la barafu kwa mapenzi yake kwa mama mkwe. Lakini hewa ya pwani wakati wa kaskazi imeshashiba maji. Shuka halikukauka, jasho la Bibi nalo halikukauka, na mto ukaanza kunuka ukungu. Kuhusu barafu, kilo moja ikiyeyuka yote hunyonya joto ambalo taa ya wati 100 hutoa kwa muda usiofika saa moja. Na friji iliyoigandisha inatema joto jikoni, ndani ya nyumba ileile.

Ndipo baba watoto akaja na wazo lake, na mpaka leo naliheshimu. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, sakafu ya ua ni baridi hata mchana. Hewa ile ipo, ni yetu, kwa nini isipandishwe? Akaenda Kariakoo akarudi na mabomba ya PVC ya inchi 4 na elbo zake. Akakata beseni la plastiki sehemu ya chini, akalifunga kwenye feni ya mezani kwa solatepu ili liwe mdomo wa kuingizia hewa bombani. Bomba likapanda ukutani, likakunja kona kwenye fishabodi, likaingia dirishani. Watoto walisimama juu wamenyoosha viganja. Feni ikawashwa. Ikanguruma vizuri sana kule uani. Juu, kipande cha gazeti tulichokining'iniza mbele ya bomba kilitikisika kidogo, basi.

Sababu yake inafaa kuelezwa, maana nimeona wengine wakitaka kufanya vivyo hivyo. Duara la feni ya inchi 16 lina eneo mara 16 ya tundu la bomba la inchi 4. Mapanga ya feni ya mezani yameundwa kusukuma hewa nyingi mahali palipo wazi. Hayana nguvu ya kuibana. Hewa ikikuta tundu dogo, urefu, na elbo juu ya elbo, inarudi nyuma kupitia pembeni mwa mapanga yenyewe.

Kama tatizo ni tundu dogo, tundu lipanuliwe. Mimi ni fundi cherehani. Nilifumua mifuko ya salfeti, nikaisafisha, nikaiunga kwa mshono maradufu nikapata mfereji wa hewa wenye upana unaolingana na feni, na kila hatua nikapitisha pete ya waya ili usijikunje. Ukatoka dirisha la nyuma la chini, ukapanda na ngazi hadi mlangoni kwa Bibi. Feni ilipowashwa salfeti ilivimba hatua kwa hatua, ikapiga kona, ikajaa. Bibi akaita kutoka juu, "Imefika, wanangu, imefika!" Nilishika ukuta nikalia. Usiku ule alilala kitandani kwake.

Usiku uliofuata alilala pia, na asubuhi aliamka kichwa kinamuuma, anataka kutapika. Tulidhani ni presha. Wifi alipita akitoka zamu ya usiku, akaamkia, "Shikamoo mama," akaanza kumshika mkono kupima mapigo. Kisha akanusa ile salfeti. Akashuka hadi uani bila kusema neno, akatuonyesha jiko la mkaa. Jioni huwa tunakaanga samaki pale, na baadaye tunabandika maharage yaive polepole juu ya makaa yanayofifia, hatua chache tu kutoka mdomo wa feni.

"Nani kamlaza mama yangu juu ya jiko?" aliuliza.

Makaa yanayofifia ndiyo yenye hatari. Hayatoi moshi wa kuonekana, lakini yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Harufu ya samaki tuliisikia tukaichekea. Hii nyingine hakuna pua inayoisikia. Wifi alichomoa feni kwa mkono wake, akafungua kila kilichofungulika, akampeleka Bibi kupimwa. Alirudi salama. Yeyote anayevuta hewa kutoka chini kwenda chumba cha kulala aanze kwanza kuangalia jiko, jenereta na gari viko wapi.

Aliyemaliza kazi ni mjomba wa mume wangu, seremala aliyetumia ujana wake kukarabati nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, zile zenye kuta nene za mawe na dari za juu juu zilizobebwa na boriti. Alikuja baada ya isha, akapanda juu ya kiti, akaweka kiganja darini. "Njoo ushike, mwanangu." Jipsamu ilikuwa ya moto, saa mbili nzima baada ya jua kuzama. "Mnahangaika na dirisha, na joto linamshukia kichwani."

Alitoboa kuta za pembetatu za paa, upande wa kaskazi na upande wa kusi, akaweka matofali ya matundu yenye wavu wa kuzuia popo. Bati likasuguliwa na kupakwa rangi nyeupe, likarudisha sehemu kubwa ya jua lililokuwa linaliunguza. Feni akaigeuza: jua likizama inawekwa kwenye dirisha lisilopigwa na upepo, inapuliza nje. Chumba kikitolewa hewa ya moto, ya baridi inapanda yenyewe kwa ngazi kutoka madirisha ya mbele, mbali na jiko. Bomba halihitajiki, maana ngazi ni pana kuliko mfereji wowote ambao ningeushona.

Kipimajoto cha wifi kilikuwa kikisoma 36 saa mbili usiku. Sasa husoma 31, na kufikia saa tano kinashuka zaidi. Bado ni Dar, bado ni Februari, na Bibi anatoka jasho kama sisi sote. Lakini jasho lake linakauka, na analala kitandani.

Nyumba ya pili kuna mama kijana mwenye mtoto mchanga, amepanga chumba cha juu cha aina ileile. Bibi ameshaongea na mwenye nyumba wake. Mjomba anakuja Jumamosi, na anataka bati lipakwe kabla masika hayajaanza, kwa sababu rangi haishiki kwenye bati bichi.