Mstari Mweupe Juu ya Kijiwe

Jana jioni ndege ilipita juu sana ya kijiwe chetu, ikaacha mstari mweupe. Dogo wa bodaboda akanyoosha kidole: "Haya, wanatunyunyizia tena!" Mzee wa drafti akasonya, mfyuuu, msonyo mrefu wa kumaliza pumzi. Mchezo ukafa pale pale, ubishi ukaanza.

Dogo anaamini ule mstari ni sumu ya kutukatia mvua na kutumalizia uzazi. Simcheki. Fundi redio alimpa nguvu kwa jambo la kweli: kati ya 1967 na 1972, Marekani ikiwa vitani Vietnam, ilirusha ndege za kuongeza mvua juu ya njia ya Ho Chi Minh ili barabara za adui zigeuke tope. Lilifanywa kwa siri, likafichuka, na mwaka 1977 ukatiwa saini mkataba wa kimataifa wa kukataza mazingira kufanywa silaha. Kwa hiyo anayeishuku anga ana pa kuanzia. Mimi nagombana na shaka isiyokubali kupimwa.

Nikamwambia dogo atazame dele la kahawa. Mvuke unachomoza mdomoni mwa dele, unaonekana kidogo, unapotea, maana Dar ni joto. Mama wa kashata ni mtu wa Makete, akadakia: "Kwetu mwezi wa saba ukipiga hodi tu, mdomo unafuka moshi." Ndiyo hiyo hiyo, jamani! Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, na kila kilo ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja ya maji yaliyo mvuke. Kilomita 11 au 12 juu, karibu mara mbili ya kimo cha Kilimanjaro, baridi inapita nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke ukitoka tu unaganda, unakuwa chembe za barafu. Hewa ya huko ikiwa kavu, mstari unafutika nyuma ya mkia wa ndege. Ikiwa na unyevu mwingi, unakaa, unatanuka, mpaka unafanana na wingu.

"Mbona zamani mistari hii haikuwepo?" Ilikuwepo. Vita vya Pili vya Dunia, marubani waliopigana Ulaya waliichukia mistari hiyo kwa sababu ilimwonyesha adui walipo.

Fundi redio akahamia Dubai. "Na ile mvua ya Aprili 2024? Si waliitengeneza wenyewe?" Falme za Kiarabu kweli wanaichochea mvua, wala hawafichi: ndege inasogea kwenye wingu na kufyatua chembe za chumvi ili matone yanenepe. Lakini wingu lazima liwepo kwanza, na kinachoongezeka ni kidogo. Tarehe 16 mwezi ule, eneo la Al Ain, ndani ya Falme hizo, lilipata zaidi ya milimita 250 katika muda usiofika saa 24, karibu robo ya mvua ya Dar ya mwaka mzima. Dhoruba ile ilitabiriwa siku kadhaa kabla. Ilipiga Bahrain na Qatar pia, na Oman walikuwa wanawalilia watoto wa shule waliosombwa na mafuriko tangu tarehe 14, siku mbili kabla ya Dubai kuzama. Nikamuuliza fundi ni ndege ngapi za chumvi zingetosha kwa eneo lote hilo. Akanywa kahawa yake.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Jirani yangu wa zamani wa bonde la Msimbazi alisikia redioni tahadhari ya mvua kubwa akasonya: "Wanaoitengeneza ndio hao hao wanaotutangazia." Hakuhamisha hata kiti. Usiku maji yalifika kwenye kitasa cha mlango, friji ikaelea kama mtumbwi. Madaftari ya watoto tuliyaanika juani siku tatu, wino wote umekimbia, kurasa zimeshikana kama chapati. Alikuwa na mchana mzima wa kuondoka, na uvumi ukamnyang'anya mchana wote ule.

Na wakati tunabishana shingo zikiwa juu, nyuma ya kijiwe mifuko ya plastiki ilikuwa inaungua jalalani. Moshi mweusi, unakereketa koo, unawaingia watoto wa nyumba ya pili. Huo hakuna aliyeunyooshea kidole.

Kabla ya magharibi ndege nyingine ikapita. Dogo akachomoa simu, akaanza kuhesabu. Mstari ulifutika sekunde ya 38. Akaandika nyuma ya risiti ya mafuta: saa 12:10 jioni, sekunde 38. Akaniuliza unyevu wa huko juu unapimwaje, nikamwambia watu wa hali ya hewa wanarusha puto lenye kipimo, linapanda hadi kupita zinakopita ndege. "Puto?" Akaikunja risiti, akaitia mfukoni. Mzee wa drafti akapanga kete upya.