Kiyoyozi Kinavuja Mwanza: Sababu Sita, Tunahesabu Kurudi Nyuma

Watu wa Dar es Salaam hutuuliza: nyie mna ziwa zima mlangoni, kiyoyozi cha nini? Waje Mwanza Oktoba saa nane mchana, miamba ya Capri Point ikiwa imeshiba jua, halafu tuongee. Kiyoyozi tunacho, na kinavuja. Maji yenyewe ni unyevu wa hewa unaogeuka matone kwenye koili baridi, kama soda ya friji inavyotoa jasho mezani. Yanatakiwa yaingie kwenye trei, yapite kwenye paipu, yatoke nje. Yakidondokea kitanda yamepotea njia tu, na mara nyingi unaweza kuyarudisha mwenyewe. Zima breka kwanza. Volti 230 hazina utani na mkono uliolowa. Tuanze na sababu adimu.

6. Trei imepasuka. Ikaushe, ziba ufa kwa silikoni, uanze kutafuta nyingine. Kuweka beseni juu ya kabati si matengenezo, huko ni kufuga mbu.

5. Sponji nyeusi imeliwa. Bomba la shaba hutoa jasho pale lilipobaki uchi, michirizi ikashuka ukutani. Livishe sponji mpya, funga tepu. Bomba nalo lina haki ya kusitiriwa.

4. Kifaa kimekaa upande. Weka pima maji juu yake. Kikiinamia upande usio na paipu, maji yatafuata mwinamo, hayatamsikiliza aliyekifunga. Kukinyanyua ni kazi ya watu wawili, na mabomba ya shaba yasikunjwe.

3. Gesi imepungua. Hapa weka bisibisi chini. Koili ikiota barafu ilhali filta ni safi, mwite fundi aliyesomea kazi hiyo, lakini kaa naye karibu. Gesi haichakai wala hailiwi: inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo ikipungua, pana tundu. Fundi anayejaza bila kulitafuta tundu anaijaza mbingu kwa hela yako. Na mbingu haiitaki: R22 ya vifaa vya zamani inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana Protokali ya Montreal ya mwaka 1987 inaiondoa hatua kwa hatua. R32 ya vifaa vipya nayo inaweza kushika moto, basi sigara ya fundi ibaki mfukoni.

2. Filta chafu. Hapa Mwanza tuna yetu. Wadudu wa ziwani hupanda kutoka majini kwa mawingu, hasa mwezi unapoandama, wakifuata taa. Hawabishi hodi. Fungua filta ya nyumba ya Kirumba asubuhi yake: mabawa membamba yameshikana na vumbi, yamefanya zulia la kijivu unalolibandua kwa ukucha. Hewa haipiti, koili inaganda. Umeme ukikatika, barafu yote inayeyuka kwa mpigo na kufurika trei. Osha filta kwa maji na sabuni, ianike kivulini. Wadudu wakiwa wengi, usisubiri ratiba. Na taa ya baraza izimwe mapema.

1. Paipu imeziba. Hii haina mpinzani. Trei ina giza na maji, humo huota utelezi mzito, na vumbi na mabawa yaliyoponyoka filta hukutana nao kwenye kona ya paipu. Toka nje uangalie ncha. Kifaa kimefanya kazi saa nzima, ndani kunadondoka, nje kukavu? Umempata mhalifu. Hakikisha pia paipu haijapandishwa popote: Mwanza maji hupanda mlima kwa pampu tu, na kiyoyozi chako hakina.

Ukipata mashine ya kufyonza vumbi inayostahimili maji, izungushie kitambaa kwenye ncha, uvute uchafu. Usipulize kwa nguvu kutoka nje. Uchafu utarudi kwenye trei, na shuka ndizo zitakazosimulia. Kisha mimina maji ya vuguvugu yenye siki kidogo kwenye trei, si juu ya koili, uisuuze kwa maji safi. Sasa mtume mtoto nje akasimame penye ncha, nawe mimina nusu lita taratibu. Akipiga kelele "yanatoka!", rudisha kifuniko, kausha mikono, washa breka.