Haendi Kuwanga, Anakwenda Kazini

Jana nilisonya mpaka watu wakageuka, na leo bado sijapoa. Acheni drafti kidogo, mnisikilize.

Yule bibi wa nyuma ya msikiti mnamjua. Nani aliyekulia mtaa huu hajala vitumbua vyake? Basi jana kapita hapa, kanga moja begani, ndala mguu mmoja, mwingine mtupu. Kijana wa bodaboda, tena aliyekwenda shule na vitumbua vya mkopo vya bibi huyo huyo, akasema: "Kile kizee kimetoka tena. Usiku kinawanga, mchana kinazurura." Wengine mkacheka. Wengine mkainamia vikombe vyenu.

Kile. Kimetoka. Kinawanga. Kinazurura. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi kijana yule kamtoa mama wa watu kwenye kundi la watu, akampanga na kiti na kijiko. Jamani, Kiswahili hata kuku kinampa heshima yake: kuku anataga, mbwa anabweka, mbu anauma. Leo bibi wa miaka themanini na ushee ananyimwa ile "a" aliyopewa mbu! Ukishazoea kusema "kinakula", siku ya siku utamwekea chakula chini kama unayemwekea paka, wala hutashtuka.

Na hilo la kuwanga ndilo lililonikosesha usingizi. Binti yake kanieleza. Mama anaamka saa tisa usiku. Anapapasa ukuta, anatafuta kiberiti, anafungua komeo, anatoka hadi pale kwenye mwembe uliokatwa, anachuchumaa. Watu wakimkuta gizani, peke yake, ananong'ona, wanasema mwanga huyo. Sasa nambieni: miaka thelathini na zaidi, saa tisa usiku mama yule alikuwa wapi? Si alikuwa pale pale chini ya mwembe, anawasha jiko, anaupaka mafuta ule mkaango wa vitumbua, ili alfajiri watu wakitoka kuswali wamkute tayari? Ubongo umepoteza jina la binti, umepoteza mwaka, lakini saa ya kazi haujaipoteza. Anakwenda kazini. Sisi tuliolishwa na kazi hiyo ndio tunaoiita uchawi.

Na neno hilo lina damu. Kule Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa samadi na kuni. Kilifi huko, ng'ambo ya mpaka, wazee wamekimbia nyumba zao kwa tuhuma hizo hizo. Mtu anayetoka usiku asijue kujieleza, ukimtupia neno "anawanga", umeshawaonyesha wenye mapanga mlango wake.

Maradhi ya bibi yana jina: demensia. Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza habari za mgonjwa wake mwaka 1906, na aina inayobeba jina lake ndiyo inayowapata watu wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 duniani, na wengi wao wako nchi kama zetu. Msiseme ni ya Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakiwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kama 6 katika kila 100 wanaugua.

Tena kuna neno tunalolisema kwa huruma kabisa: "amerudia utoto". Hata mimi nimelisema, na sasa nalitema. Mtoto unamkemea ili kesho ajue. Bibi unamkemea ajue nini? Kinachomharibikia ni ubongo. Kesho hatajua zaidi ya leo, atabaki na woga tu wa sauti yako. Na kwa kuwa "ni mtoto", tunauliza juu ya kichwa chake, "Huyu ameshakula?", naye kakaa hapo, anasikia, aibu inamshuka usoni. Nimeiona mwenyewe. Aliuvuta ukingo wa kanga, akajifunika mdomo.

Mzee mwenzangu hapa kaniambia maneno hayaponyi. Kweli, hayaponyi. Na dawa ya kuyaponya maradhi haya haijapatikana. Kama dawa hatuna, basi kilichobaki mikononi mwetu ni namna tunavyomwita na tunavyomshika, na hicho nacho tunakichezea! Wajapani walikuwa na neno la maradhi haya lililobeba maana ya upumbavu. Mwaka 2004 wizara yao ya afya ikaliweka kando, ikachukua jina linalosema ni tatizo la utambuzi. Wizara ya serikali ilikaa kikao kwa ajili ya neno. Na sisi hapa si tuliacha kusema zeruzeru, tukajifunza kusema mtu mwenye ualbino? Ulimi ulikubali.

Mimi hata "ugonjwa wa kusahau" naona mwepesi mno. Kusahau ni kwangu mimi na funguo zangu. Semeni bibi anaumwa, ubongo wake unaumwa. Mtu anayeumwa majirani humpelekea uji.

Na shikamoo yake mrudishieni. Tangu augue, watu wazima wanampita kama nguzo ya umeme, eti hajui nani anamwamkia. Mjukuu wa muuza kahawa, wa darasa la pili, hajaambiwa hivyo. Jana baada ya vicheko vyenu, alimfuata pale kwenye kisiki. "Shikamoo bibi." Uso ukainuka, jibu likatoka bila kusita: "Marahaba mwanangu." Kisha akamuuliza, mchele umelowekwa?

Mtoto akasema umelowekwa, bibi, tangu jana. Akaiokota ile ndala iliyomvuka njiani, akamvalisha, wakarudi nyumbani wameshikana mikono, bibi akimwelekeza bei ya nazi.