Sifa za Washenga Wasiotumwa

Mshenga, kwa ada ya watu wa pwani, ni mtu aliyetumwa: huitwa faraghani, huambiwa jina la binti na jina la babaye, hukabidhiwa barua ya posa na kishika uchumba, kisha hushika njia kwa mwendo wa heshima na ulimi uliopimwa, akijua ya kuwa akirejea na jibu jema atapewa chake, na akirejea mikono mitupu lawama zitagawanywa. Liko, hata hivyo, kundi la washenga ambao hawakutumwa na mtu, hawana barua wala kishika uchumba, hawamjui babaye binti wala binti hawajui wao, na juu ya hayo usiku kucha huozesha, hutalikisha na kuozesha tena, pasipo kuchoka wala kulipwa. Hao ni mashabiki wa mchezo wa mezani uitwao Warhammer 40,000, waliojitwika kazi ya kuteua waigizaji watakaovaa sura za wahusika wa mchezo huo siku filamu yake itakapotengenezwa. Watu wenye haraka huwaita wapuuzi. Lakini ikiwa Lucian aliona vyema kumsifu nzi, na Erasmus mwaka 1511 akatoa kitabu kizima cha kuusifu upumbavu, naona ni insafu nao hawa wapate msifu wao, hata akiwa dhaifu kama mimi.

Asifiwaye huanzwa kwa nasaba. Mchezo huu ulizaliwa Uingereza mwaka 1987 kwa kalamu ya Rick Priestley, katika kampuni ya Games Workshop yenye makao yake Nottingham, na huchezwa kwa vijisanamu vilivyopakwa rangi kwa mkono, kwa dadu, na kwa futi ya kupimia mwendo wa majeshi juu ya meza. Habari yake ni ya zama za mbali mno, ambapo wanadamu wametapakaa katika nyota na vita havina kikomo. Na askari wake mashuhuri, jitu linalopita futi saba, husimama mezani akiwa na kimo cha kidole gumba, na uso wake ni kadiri ya punje ya choroko. Ni katika punje hiyo ndipo mashabiki humwona mwigizaji wa London au wa California, wakamtambua, na wakaapa.

Wala ufundi huo wa kuposa kwa niaba ya wengine si wa jana. Margaret Mitchell alipotoa riwaya yake Gone with the Wind mwaka 1936, wasomaji wa Marekani hawakungoja mtu awaulize: walimtaka Clark Gable awe Rhett Butler, na filamu ilipotoka mwaka 1939 aliyekuwa Rhett Butler alikuwa Clark Gable. Mashabiki wetu, basi, ni wana wa ukoo wenye asili, na ukoo wenyewe uliwahi walau mara moja kusikilizwa.

Mimi niliwajua nikiwa Leicester, mji uliopokea watu wengi waliotoka Afrika ya Mashariki, nilipokuwa mgeni wa mpwa wangu. Jioni moja walikuja rafiki zake wanne, wakaniamkia shikamoo wale waliojifunza kwake na kuniinamia kichwa wale ambao hawakujifunza, wakatandika magazeti juu ya meza ya kulia chakula, na kila mmoja akatoa jeshi lake katika kisanduku kilichotandikwa sifongo, kama sonara atoavyo vipuli. Mpwa wangu alikuwa na askari mmoja aliyemganda juu ya kizibo cha chupa ili amshike vizuri. Alichovya burashi nyembamba kuliko kijiti cha wanja, akaifuta ncha yake kwa karatasi, akazuia pumzi kama mtu anayetunga uzi sindanoni, kisha akatia nukta moja ya weusi mahali pa jicho. Alipopumua alinisogezea kazi yake chini ya taa. “Mjomba,” akasema, “hapa wamwona nani?” Nikamjibu kwa ukweli kwamba namwona mtu mwenye homa. Walicheka wote, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, na tangu saa hiyo hapakuwa na burashi tena ila shura.

Fadhila yao ya kwanza niliyoishuhudia ni ukarimu. Wafalme hugawa vyeo kwa upendeleo, serikali hugawa kwa bajeti, bali hawa hugawa bila hazina na bila kinyongo. Katika ngano za mchezo huu yupo Kaisari wa wanadamu aliyejiumbia wana ishirini wa kuongoza majeshi yake: Sanguinius mwenye mbawa, Magnus mwenye jicho moja, Leman Russ mwenye tabia za mbwa mwitu, Horus aliyemwasi baba yake, Guilliman mwenye kupenda utaratibu, na wengineo. Wote hao walipata waigizaji kabla chai haijapoa, na waigizaji wenyewe, popote walipokuwa wamelala usiku ule, waliamka asubuhi wakiwa majemadari pasipo habari. Alpharius na Omegon, ambao ni pacha wasiotofautika, walipewa mtu mmoja, kwa hoja kwamba kampuni itaokoa mshahara. Nami nilistaajabia tadbiri hii ya kuwekea akiba mali isiyokuwa yao. Kisha wakafika kwa wana wawili ambao habari zao zilifutwa katika vitabu vyote vya mchezo, hata majina hayakubaki. Nilidhani hapo shauri lingekuwa jepesi, maana asiyekuwa na sura hawezi kukosewa sura. Kumbe ugomvi wa hao wawili ndio uliochukua muda mrefu kuliko wote.

Fadhila ya pili ni elimu. Yuko mhusika aitwaye Eisenhorn, mpelelezi wa Kaisari, aliyebuniwa na Dan Abnett katika riwaya iliyotoka mwaka 2001. Naye aliteswa na adui hata mishipa ya uso wake ikafa, asiweze tena kutabasamu wala kukunja uso. Pima basi uzito wa dhima ya kumtafutia mwigizaji mtu huyo. Wengine wote huchaguliwa kwa yale wanayoweza kuyafanya kwa nyuso zao, bali huyu lazima achaguliwe kwa yale anayoweza kuyaacha. Wale vijana waliwapitia waigizaji wa Uingereza mmoja mmoja, wakipima nani ana kidevu kinachonyamaza vyema, nani kope zake husema hata akizikataza, nani alicheka katika tamthilia fulani kicheko ambacho hakitasahaulika na kwa hiyo amejiharibia nafasi. Nimekaa na makadhi na wakufunzi, wala sijasikia uso wa binadamu ukichambuliwa kwa uangalifu kama huo na watu wasiokuwa na nia ya kuoa.

Na subira yao niiseme vipi? Mwaka 2010 walipewa filamu ya Ultramarines, nao Terence Stamp na John Hurt walikuwamo, ila kwa sauti tu, kwa kuwa filamu yenyewe ilikuwa ya katuni za kompyuta. Yaani walioposewa uso wakaletewa koo. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Eisenhorn atatengenezewa tamthilia ya televisheni, na washenga wakajifunga vibwebwe, lakini ngoma haikulia. Desemba 2022 ikatangazwa kwamba Amazon wanapatana na wenye mchezo, na kwamba Henry Cavill, mwigizaji ambaye mwenyewe ni mpaka rangi wa vijisanamu na amekiri hayo hadharani bila haya, atakuwa miongoni mwa wasimamizi. Ilipita miaka miwili, na Desemba 2024 ikatangazwa kwamba mapatano yamekamilika. Mtu mwenye kazi nyingine angalikata tamaa. Wao waliona miaka hiyo miwili kuwa ni muda mchache wa kurekebisha orodha.

Najua hujja za wanaowabughudhi. Husema ya kwamba mashabiki hukosea, na kwamba wakikosea hukosea kwa kelele. Ni kweli, wala sitaficha. Michael Keaton alipoteuliwa kuwa Batman mwaka 1988 barua za kulalamika zilimiminika kwa maelfu. Daniel Craig alipopewa James Bond mwaka 2005 wapo waliomkataa kwa kosa la kuwa na nywele za rangi ya mchanga. Na Heath Ledger alibezwa alipotajwa kuwa Joker, kisha akaja kutunukiwa Oscar mwaka 2009 akiwa amekwisha fariki. Lakini nawaomba wenye insafu walinganishe. Waziri akimteua asiyefaa, barabara hubaki na mashimo. Baba akimchagulia binti mume asiyefaa, machozi hudumu umri mzima. Bali shabiki akimteua asiyefaa, hakuna aliyekosa mlo, na yule asiyefaa hakujua kamwe kwamba alifaa. Uwezo wote wa dunia una madhara yake. Huu peke yake nimeuona ukitumika usiku kucha, kwa hasira na kwa kugonga meza, na asubuhi pasiwe na kitu cha kufagia ila makombo ya biskuti.

Hapa sina budi kutaja imani yao, maana ndiyo roho ya maneno yangu. Katika mchezo huu lipo taifa la majitu ya kijani yaitwayo Orks, ambayo huamini kuwa gari lililopakwa rangi nyekundu hukimbia zaidi. Na kwa kuwa yote huamini hivyo kwa pamoja, gari huenda likakimbia kweli. Mashabiki huwacheka Orks, ilhali dini yao ni moja. Wao pia hushika kwamba jina likitamkwa na vinywa vya kutosha litashuka juu ya mtu. Na dalili wanazo: mwaka 2002 wachoraji wa kitabu cha katuni walimpa jasusi Nick Fury uso wa Samuel L. Jackson, na mwaka 2008 Samuel L. Jackson akatokea katika filamu ya Iron Man, akiwa ndiye Nick Fury. Gari jekundu lilikimbia.

Lakini tazama na upande wa pili. Miaka mingi mashabiki wa filamu hizo hizo walimtaka John Krasinski awe Reed Richards, yule mwenye mwili wa kunyumbuka. Na mwaka 2022 wakapewa. Akaingia kwenye filamu, akasema maneno machache, na kabla shangwe haijatulia akachanwa nyuzi nyuzi kama miyaa ya mkeka, akafa. Hapo nilifahamu kwa nini posa isiyojibiwa ni hidaya. Mwigizaji aliyeteuliwa mezani hazeeki, hapandishi mshahara, hafi katika dakika ya kumi. Huwa na kimo kile kile cha kidole gumba na jicho lile lile la nukta. Filamu ikija itamchagua mmoja na kuwafukuza mia. Na wale mia, ambao usiku ule niliwaona wakiingia mmoja mmoja sebuleni wakiwa wamevikwa deraya, hawatakuwa na pa kwenda.

Ilipokaribia usiku wa manane nafasi moja tu ilikuwa wazi, nayo ni ya Kaisari mwenyewe. Yeye, kwa mujibu wa ngano, amekaa katika kiti chake cha dhahabu miaka elfu kumi, hatikisiki wala hatamki neno, na watu wote huhangaika kwa ajili yake. Walitaja wazee kadhaa wa jukwaa la Kiingereza, na kila mmoja alikataliwa kwa kuwa angetaka kusema. Kisha kikapita kimya, na nikaona nyuso tano zimenigeukia. Nilikuwa katika kiti kirefu kando ya kipasha joto, nimefunikwa blanketi hadi kidevuni, na kwa saa tatu sikuwa nimejongea wala kusema kitu, isipokuwa lile neno la homa.

“Mjomba,” akasema mpwa wangu kwa adabu kubwa, “tumekupata.”

Nikafungua kinywa ili nikatae, nieleze umri wangu, na maradhi ya magoti, na kwamba sikuulizwa. Akainua burashi.

“Kaisari hasemi.”

Nikafumba kinywa, na chai nyingine ikaletwa.